Tailisi za Brashi

Jumamosi

Eti tumeweka tailisi! Ndivyo mume wangu, Baba Akinyi, alivyomwambia jirani, bila haya, rangi ikiwa bado kwenye vidole. Siku tatu ametambaa kwenye sakafu ya simiti na rula ya mtoto, akichora kwa brashi miraba mfano wa vigae. Dirishani imenyooka, ikifika jikoni imepinda kama mlevi. Chini ya kochi hakupaka kabisa. "Nani atachungulia huko?" Basi kochi halitasogea mpaka tufe.

Na naogopa kupiga deki. Rangi itabanduka yote.

Leo mama yake amekuja kutoka Katito. Nilikuwa nimejiandaa kumwambia kila kitu, tumcheke pamoja.

Akasimama mlangoni, akavua viatu vyake vya kanisani.

"Mama, ingia navyo tu."

"Nichafue tailisi za mwanangu?"

Hakuna mgeni aliyewahi kuvua viatu kwangu. Akaingia kwa kunyata, macho chini, anatabasamu peke yake. Baba Akinyi akanitazama, jasho linamtoka.

Nikamshika mama mkono. "Polepole, Mama," nikamwambia. "Hizi tailisi zinateleza."