Kwa Wakili Armand Thibault, Kuhusu Mama wa Koti la Kijani

Mwaka mzima umetimia, Armand, tangu utuache asubuhi ile ya theluji, buti zako bado zikichuruzika maji mlangoni.

Tunakukumbuka ulivyokuwa: wakili wa mji mdogo wa Vermont, ukila pai ya tufaha na kipande cha jibini juu ya mafaili ya watu. Watu walikuja kwako wakiwa wamefukuzwa kila mahali, nawe ukawavutia kiti. Nikikuuliza mezani kesi ilikuwaje, ulijibu, "Pai imebaki?" Miaka thelathini na minne sikupata jibu jingine.

Binti yetu Nadine hakwenda chuo cha sheria. Ulimkalisha kwenye ncha ya meza yako miaka minne, kama jimbo letu linavyoruhusu, akajifunza sheria kwako, akakufuata mahakamani na mkoba wako. Ulikuwa mkali kwake kuliko jaji. Alifanya mtihani wiki tatu baada ya kukuzika, akafaulu. Mwezi wa tano aliinua mkono akaapa, saa yako ikimpwaya. Nililia, wala sikujua nalia kwa furaha au kwa uchungu.

Lakini kuna jambo limenivuruga akili, na sina pa kulipeleka ila kwako.

Siku ya mazishi mama mmoja mwenye koti la kijani alilia kunishinda mimi mjane. Tangu hapo, kila Jumamosi anaacha trei ya mayai barazani, anageuza gari, anaondoka. Mara moja nilimwahi. Akanishika mkono. "Mumeo aliniokoa," akasema, akakimbilia gari lake. Dada yako Yvette ameshahukumu: "Lorraine, wanaume ni wale wale!" Nilikataa kumsikiliza. Halafu nikamsikiliza.

Kabati la mafaili sasa liko mikononi mwa Nadine. Nikamfuata ofisini.

"Faili la huyu mama umelisoma?"

"Nimelisoma."

"Haya, sema."

"Siwezi, Mama."

"Mimi ni mkewe!"

"Najua. Lakini siri si ya Baba, wala si yangu. Ni ya mteja."

"Wakili wake yuko kaburini, Nadine!"

"Siri haikuzikwa naye."

"Basi kitu kimoja tu. Nimchukie au nimshukuru?"

Alinitazama mpaka machozi yakamlengalenga. Akafunga kabati, akatia ufunguo mfukoni.

"Pai imebaki?"

Nilitaka kumzaba kofi, na nilitaka kumkumbatia. Nikamkatia pai. Ulimfundisha vizuri mno, Armand, na mimi mmeniacha nje wote wawili.

Mayai tunayala. Ni mazuri.

Tunaokukumbuka: mimi mkeo, Lorraine; mwanao, Wakili Nadine; dada yako, Yvette; na mama wa koti la kijani, ambaye jina lake Nadine analijua na mimi silijui. Hutatoka mioyoni mwetu kamwe.