Kigelegele Changu Redioni

Marahaba, Salma wangu. Salamu zako nimesomewa. Sote wazima, mama yako kanenepa, alhamdulillahi. Anayeniandikia ni mjomba wako. Nimemwambia asipunguze neno.

Waniuliza kama upunguze sauti yako kwa kuwa wenzio huko chuoni wanaicheka? Wakukome!

Nilipokuwa kigori tulialikwa studio ya redio kusikiliza taarab, tukaambiwa tunyamaze. Ganuni ilipolia, fidla ikaitika, nikashindwa, nikapiga kigelegele. Fundi mitambo akanijia mbio: "We mtoto, hujui tuko hewani?" Nikatolewa nje nalia. Kisha ukaja mchezo wa kuigiza, wenye harusi ndani yake, na waigizaji wakapiga vigelegele kama vifaranga. Mwenye mchezo akatoka mwenyewe: "Yule mwenye koo lake yuko wapi?" Nikarudishwa ndani, nikakipiga.

Jana redio ilishinda ikitupigia taarab na michezo ya zamani. Mara kigelegele changu hicho! Ndicho ninachowapigia harusini mpaka leo, basi majirani wakapiga kelele madirishani: "Bi Mwanakheri, si wewe huyo?" Nikawajibu kwa kingine.

Paza sauti, mjukuu wangu. Ukinong'ona huko mbali, mimi nitakusikiaje?

Bibi yako Mwanakheri, mtaani Amani