Mmoja wa Wale Wanne

Takoma Park, Jumapili jioni, Julai 1999

Joto la leo halina adabu. Mvua imetusahau kwa wiki nyingi, nyasi za nyumba za jirani zimekuwa rangi ya mkeka mkuukuu, na hapa chumbani feni inazungusha hewa ileile iliyochoka. Nimeoga mara mbili. Bado najisikia mchafu, na najua si jasho.

Shajara yangu, nakuandikia kwenye huu ukurasa wa mtandao ambao, kwa kadiri ninavyojua, hausomwi na mtu. Siku nyingine jambo hilo huniuma. Leo nashukuru.

Tumefungwa. Timu ya kriketi ya Kenya, yaani sisi Wakenya wa huku Washington na vitongoji vyake, tumefungwa na Watrinidad kwa mikimbio michache tu. Mimi nilikuwa nacheza vizuri kuliko nilivyocheza mwaka mzima, halafu nikatolewa kwa njia ya kijinga. Lakini kufungwa si tatizo. Tumewahi kufungwa vibaya zaidi na tukarudi nyumbani tunaimba.

Ngoja nianze nyuma kidogo, maana hata mimi nataka kuelewa.

Baba yangu alikuwa mtunza uwanja wa klabu moja Nairobi. Alikata nyasi, alimwagilia, alivuta lile roli zito la chuma la kushindilia ardhi mpaka mahali pa kuchezea pakawa kama sakafu. Sisi watoto wake tulijifunza kriketi nyuma ya kibanda cha zana, tukitumia ubao tuliobandua kwenye kreti. Kaka yangu Otieno alikuwa na mkono wa kutisha. Akirusha mpira, wazee wa klabu walikuwa wanaacha chai yao na kuja kutazama. Walimsifu miaka mingi. Hawakumwita kwenye timu hata siku moja. Bado hajakomaa, walisema, na wakaendelea kusema hivyo mpaka akawa na watoto wake mwenyewe. Kwa hiyo mtu akiniambia timu huchaguliwa kwa uwezo peke yake, huwa nacheka kidogo.

Nitin naye alikulia Ngara, kwenye duka la vitambaa la baba yake. Pengine tulipishana barabarani mara nyingi tukiwa wadogo, lakini tulikuja kujuana huku, kiangazi cha mwaka juzi, kwenye uwanja wa Maryland ambao siku za kawaida watu hutembezea mbwa. Yeye ni mtu wa kompyuta, anakaa Falls Church. Kila Jumapili ananipitia hapa kwa gari lake, ingawa si njia yake hata kidogo. Ndani ya gari tunaongea Kiswahili chetu cha Nairobi ya zamani, chenye maneno ambayo nadhani vijana wa huko sasa wangetucheka.

Nisijidanganye: ndiye rafiki pekee niliye naye nchi hii. Kazini, kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi, naitwa na kusifiwa kwa majina ya watu wengine. Bibi mmoja ananiita kwa jina la marehemu mumewe na mimi naitika. Ninayekaa naye hapa anafanya kazi usiku na analala mchana. Tunajuana kwa vyombo tunavyoachiana kwenye sinki. Wiki nzima nasubiri Jumapili nisikie mtu akisema, "Odhis, twende."

Mimi na Nitin tulikuwa wapigaji wa kwanza wa timu. Kwa asiyejua kriketi: wapigaji huwa wawili uwanjani, kila mmoja upande wake, na mpira ukipigwa wanakimbia kubadilishana pande, kila mkimbio pointi moja. Anayeuona mpira vizuri ndiye anayeita. Mmoja akikimbia na mwenzake akisimama, hapo ni maafa. Sisi tulikuwa tunaitana kwa Kiswahili. Njoo. Ngoja. Rudi. Watrinidad, Wapakistani, Wajamaika, hakuna aliyekuwa akielewa. Ilifika mahali sikuwa nautazama mpira tena. Nikisikia sauti yake, miguu inakwenda yenyewe.

Halafu mwezi wa tano ikaja sheria.

Mwenyekiti wa chama chetu cha Wakenya, Mzee Gathogo, alikubali chama kitununulie jezi za rangi za bendera. Kwa sharti moja. Timu nzima ilikuwa ya Wahindi isipokuwa sisi weusi watatu, na yeye hakulipenda hilo. Alisema wanaotuona wataondoka wakidhani Kenya iko karibu na Bombay. Kuanzia sasa, katika wachezaji kumi na mmoja, weusi wasipungue wanne. "Mkivaa bendera," alisema, "timu lazima ifanane na nchi."

Nitin akauliza, kwa upole kabisa, "Na mimi mzee, sifanani na nchi?"

Mzee akaendelea na habari za jezi. Nitin ana pasipoti yenye ngao na mikuki kama yangu, na babu yake amezikwa kule kama wangu.

Nikiri hapa, kwa kuwa hakuna anayesoma: siku ile nilifurahi. Nilimfikiria Otieno. Niliona kama kuna mtu, miaka ishirini baadaye na ng'ambo ya bahari, ameenda kumgongea mlango akamwambia njoo uwanjani. Nimesoma kwenye mtandao kwamba Afrika Kusini wanabishana juu ya jambo hilihili, na kila nikisoma naona pande zote mbili zinasema kweli, kisha nakosa usingizi.

Mweusi wa nne alipatikana kanisani. Anaitwa Mwangi, mchezaji mzuri sana wa soka, kijana wa watu, ambaye hakuwahi kushika gongo la kriketi maishani. Kumwingiza yeye ilibidi mmoja atoke. Aliyetoka ni Nitin, kwa sababu wengine ama ni warushaji ama wana undugu na Ashokbhai, kapteni wetu.

Nilimpigia Nitin simu siku hiyohiyo nikamwambia basi, mimi natoka, yeye arudi. Alicheka kicheko kibaya. "Odhis, fikiria. Wewe ukitoka, wata-replace mweusi na mweusi. Mimi bado niko nje, na timu itakuwa imepoteza mtu anayejua kucheza."

Anayejua kucheza. Maneno hayo nimeyatunza, kwa sababu tangu sheria ije hakuna mwingine aliyeyasema. Nilicheza miaka miwili bila sheria yoyote, nikichaguliwa kama wengine. Sasa nikivaa kofia nasikia mtu anauliza, "Wale wanne wamefika?" Mimi ni mmoja wa wale wanne. Sheria iliyokuja kunipa nafasi imekuta nafasi ninayo, ikaichukua, ikanirudishia kama msaada.

Sasa ya leo.

Nitin alikuwa mchezaji wa akiba, ambaye kwa desturi ya mchezo huu ndiye mbeba maji. Aliikubali kazi hiyo bila kununa. Alisimama ukingoni mwa uwanja na chupa zake tangu asubuhi. Mimi nilikuwa nimefika mikimbio arobaini na moja, na wapigaji waliobaki ni wachache, ndipo Mwangi alipoingia kuwa mwenzangu. Tulihitaji mikimbio michache tu. Nikamwambia wewe usiogope, nisikilize mimi.

Mrushaji akarusha, nikaugusa mpira ukapita nyuma yangu. Mpira ukienda nyuma, mpigaji hauoni. Mwenzake ndiye anayepaswa kuita. Mwangi alisimama akiutazama kama mtu anayetazama ajali. Na hapo nikaisikia sauti.

"Njoo!"

Nilikimbia. Sikufikiri. Nilikimbia kwa moyo wangu wote, na nilikuwa nimefika katikati nilipomwona Mwangi bado yuko kwake, macho yamemtoka. Sauti ilikuwa imetoka ukingoni. Niligeuka, nikateleza, na kabla sijarudi vigingi vya upande wangu vikaangushwa kwa mpira; nikawa nimetolewa. Mchezo uliisha muda si mrefu baadaye.

Tulikusanyika kwenye magari. Kulikuwa na sambusa na chai kama kawaida lakini hakuna aliyefungua vyombo. Mzee Gathogo, ambaye alikuja leo kutazama jezi zake, alikuwa amesikia. Alisema kuna mtu aliita kutoka nje, na kama ni wivu wa mtu aliyeachwa, mtu huyo hatakanyaga tena kwenye timu hii. Alikuwa anamtazama Nitin. Wote walikuwa wanamtazama Nitin.

Nikasema, "Hakuna aliyeita, mzee. Nimekimbia mwenyewe."

Sikupanga kusema hivyo. Nilimwona tu rafiki yangu amesimama na chupa tupu mikononi, nikasema.

Kisha Ashokbhai akashusha pumzi. Ashokbhai si mtu mbaya, ni mfamasia wa Fairfax, mpole, mwaka jana alinibeba mabegani tuliposhinda. Akasema, bila hata kukasirika, "Ndiyo hivyo sasa. Tukichagua watu kwa rangi, haya ndiyo matokeo." Wengine wakatikisa vichwa kukubaliana naye. Hata Mwangi alitikisa kichwa.

Nilimtafuta Nitin kwa macho. Alikuwa ameinama anafunga kamba za viatu. Zilikuwa zimefungwa.

Hapo ndipo nilipokuwa peke yangu. Nimezoea upweke wa huku, ule wa basi na wa chumba. Huu ulikuwa mwingine. Mtu mmoja tu katika watu wale ndiye aliyejua mambo mawili: kwamba aliita, na kwamba mimi nafaa. Ilitosha aseme moja.

Njiani Nitin alizima redio. Tulipofika karibu na kituo cha Metro akasema, akiwa anatazama barabara, "Nilisahau kama siko ndani."

Nikasema najua.

Namwamini. Karibu kabisa namwamini. Niliusikia mwito wenyewe, haukuwa na hila, ulikuwa uleule wa kila Jumapili, wa mtu ambaye macho yake yameona nafasi na mdomo ukatangulia. Amesimama nje wiki zote hizi akicheza kila mpira moyoni. Nikifikiria hilo nataka kulia kwa ajili yake. Kisha namkumbuka ameinama juu ya viatu vyake, nataka kulia kwa ajili yangu.

Nilipofungua mlango akasema, "Thanks kwa ile, bro." Nikasema sawa, tutaonana. Ngazi za hapa kwetu zilikuwa ndefu leo.

Shukrani haikunishibisha. Nimekaa hapa naipima na inazidi kuwa ndogo. Nimemlinda kwa kukubali kwamba sijui kukimbia, mbele ya watu waliokuwa wanatafuta sababu ya kuamini hivyo, na sasa hawataliamini lingine. Watalisema kwenye harusi na kwenye mazishi. Otieno walimnyima nafasi bila yeye kufungua mdomo. Mimi ya kwangu nimeitoa kwa maneno yangu mwenyewe.

Kwa hiyo kesho, wakati wa chakula cha mchana, nitampigia ofisini kwake. Nitamwambia sitaki asante. Nataka Jumapili asimame pale kwenye magari, mbele ya Ashokbhai na Mzee Gathogo na wote, aseme kwamba ni yeye aliyeita. Watamfukuza pengine. Pengine atanichukia, na Jumapili zitakuwa kama Jumanne. Najua ninachoomba.

Ila nimefika hapa nikiandika, ndipo nimeliona ambalo sikuliona kwenye gari. Anaweza kusimama mbele yao akasema hakuita, na yakaishia hapo.

Shahidi wake ni mimi.