Saa Niliyoizima Mapema

Auburn, Sydney

Baba yangu mpenzi, shikamoo. Goti linaendeleaje, na mama presha yake imetulia? Mimi mwili mzima. Korona imetufungia tena. Hata kwenda mtaa wa Quakers Hill, hapa hapa Sydney, kumwona binamu ni marufuku, na siku ya Ijumaa nasali adhuhuri peke yangu sebuleni.

Nilikwambia hoteli niliyokuwa nikiisafisha mjini ilifungwa, nikapata kazi ya kompyuta. Kazi yenyewe sikukueleza. Kuna mama mmoja, Helen, daktari wa wanyama, anachunguza meli zinazowinda nyangumi kwa biashara. Anataka kujua mnyama yule anakufaje, na kama ni haki kumuua hivyo ili nyama iuzwe. Ananitumia video, chusa, ule mkuki wa mizinga ya meli, kikimpiga nabonyeza saa, akikata roho naizima. Alinichukua kwa sababu nilijigamba kwamba mimi mtoto wa mchinjaji.

Sasa aibu yangu ni hii. Katika video moja nyangumi alipigwa chusa chenye baruti, akaanza kutapatapa. Nikazima saa papo hapo, nikaandika: amekufa, hayo ni mateke tu. Si ulinifundisha kwamba mbuzi akishachinjwa, mateke ni ya mwili, roho imeshakwenda? Lakini yule hakuchinjwa, baba. Na nilimwona akipumua, maji yakiruka juu na damu ndani yake. Nikageuza uso. Nikajiambia kiumbe wa bahari hahitaji kisu, hata maiti yake ni halali kuliwa, basi mimi yananihusu nini. Zilizofuata zote nikazifanya vivyo hivyo, kazi ikaenda haraka.

Juzi Helen akanipigia. "Saidi, wenye meli wakiona hesabu zako watasema nyangumi hateseki. Una uhakika?"

"Ninao. Nimekulia machinjioni."

Nilikutumia wewe kufunika uongo wangu. Nimekumbuka Idi ile uliyomchinja ng'ombe kwa kisu butu, ukawaambia watu waliokuja kuchukua nyama: "Mnyama huyu ameteseka, kosa ni langu." Siku ile nilikuonea haya. Leo najionea mwenyewe.

Jana asubuhi nilimwambia Helen kila kitu. "Sikufukuzi," akasema. "Lakini utazirudia zote, na utaandika mwenyewe kwa nini umezirudia."

Nikaanza na yule wa kwanza. Nilimimina chai, nikabonyeza saa, sikugeuza uso. Alipotulia kweli nikaizima, nikachukua kikombe. Chai ilikuwa imepoa kabisa.

Nisamehe, baba, kabla hujachinja kwa niaba yangu Idi hii. Nisalimie mama, shangazi anayekuuguza goti, na mjomba anayekunolea visu. Na mdogo wangu Zuhura, akigeuza uso wakati wa kuchinja, usimkemee. Mkataze tu asije akasema ameona.

Ni mimi mwanao mwenye haya,
Saidi