Bega Lililonitoka Siku ya Kukuzika

Mama Hadija, mke wangu,

Nakuandikia kwa mkono wa kushoto, maana wa kulia umefungwa kifuani. Herufi zinakwenda upogo. Lakini niambie, Chemba nzima ni nani mwingine aliyeishia darasa la tatu akaandika kwa kushoto?

Unakumbuka mnadani, dume la ng'ombe lilipovuta kamba? Watu wakapiga kelele, "Achia, mzee!" Mimi niachie! Bega likachomoka. Zahanati wakalirudisha, wakasema mkono upumzike wiki sita. Wiki ya pili nikashika jembe. Ukasema, "Kichwa chako na cha lile dume, sijui kipi kigumu."

Toka hapo likawa linatoka ovyo. Ukawa unanivalisha kanzu, mkono mbovu kwanza. "Polepole, baba, hakuna anayekukimbiza." Hukumwambia mtu. Mwanamume akisitiriwa hivyo na mkewe, anaweza kujisifu hadi uzeeni.

Sasa jambo ambalo sijamwambia yeyote. Siku ya maziko yako waliuliza nani ashuke kaburini kukupokea. Nikashuka. Kaka yako akaninong'oneza, "Shemeji, bega hilo." Nikamwambia, huyu nilimpokea bibi harusi, leo simwachii mtu. Walipokushusha nikanyoosha mikono, bega likatoka. Kaka yako ndiye aliyekudaka. Watu walidhani nalia msiba tu. Nililia na aibu.

Hadija amejifungua, mtoto amepewa jina lako. Alipoletwa nimpakate nikakunja mikono, nikasema wanaume hawashiki vichanga. Hadija akatoka analia, akidhani simtaki mtoto wake. Kumbe naogopa.

Kesho yake nikapanda basi kwenda Dodoma. Daktari, binti mdogo tu, akasema, "Babu, kano zinazoshika bega zilichanika. Tutazishona. Lakini ukileta ubishi, zitakatika tena."

"Binti yangu, mimi sijawahi kushindwa na kitu."

"Basi usishindwe na kutulia."

Wameshona vizuri. Hii ni wiki ya nne, na jembe sijaligusa. Majirani wananitania kwamba nimekuwa bwana harusi. Waache.

Hadija nimemweleza yote, hata ya kaburini. Akanishika mkono huu mzima, kisha akanivalisha kanzu kama ulivyokuwa ukinivalisha wewe, mkono mbovu kwanza.

Niwie radhi, mke wangu. Wewe walikupokea wengine. Huyu mjukuu, daktari akiniruhusu tu, nitampokea mwenyewe, nimekaa chini, na Hadija akiwa karibu.

Pumzika kwa amani ya Mungu.

Mumeo,
Baba Hadija