Mama na Ekspresi Inayoinama

Jumatatu, 4 Machi

Siwezi kula. Acha niandike mara moja: leo nimemkana mama yangu. Kwenye treni, mbele ya watu.

Nilimpeleka Okayama kwa daktari wa macho. Yeye alitaka treni ya kawaida, ile inayosimama kila kituo. "Ekspresi ile inalalia ubavu kila kona, Nobue, itanitoa matumbo." Nikamwambia aache utoto, kesho nina kazi. Viti vya pamoja vilikuwa vimekwisha. Yeye akakaa mbele, mimi safu mbili nyuma yake, pembeni ya bwana mmoja wa suti.

Tulipoingia milimani, kando ya mto, treni ikaanza — kulia, kushoto, kulia. Mama akatapika. Mfuko hakuuwahi. Harufu! Yule bwana akaninong'oneza: wazee wengine si wakae nyumbani tu. Na mimi — nikacheka. Kicheko kidogo, cha adabu.

Kondakta akaja na taulo. "Mama huyu ana mtu wake humu?"

Nikatazama dirishani.

"Niko peke yangu," mama akasema. "Samahanini jamani, nawasumbua." Akawainamia watu kila upande, hata upande wangu.

Jumanne, 5 Machi

Asubuhi nimekuta boksi la keki za maharage karibu na viatu vyangu. Kumbe mama alinunua jana stesheni ya Okayama, sikumwona. "Wape wenzako kazini. Umeacha kazi siku nzima kwa ajili yangu." Wenzangu wamekula, wamesifu, wamenituma nimshukuru. Mimi sikugusa hata moja.

Jumapili, 10 Machi

Nimejaribu. "Mama, siku ile kwenye treni…" Akaniambia niangalie supu isimwagike. Jiko lilikuwa limezimwa!

Mimi mwoga, basi. Nikanyanyuka kweli, nikaenda kuangalia supu.

Jumatano, 13 Machi

Upasuaji wa mtoto wa jicho ni Jumatatu. Treni ya kawaida haitawahi, hospitali wanamtaka mapema. Basi nimekata tiketi za ekspresi mwenyewe: viti viwili, pamoja. Yake nimempa mkononi. Nitamshika mgongo njia nzima, na atakayenung'unika aniangalie usoni. Naapa.

Jumatatu, 18 Machi

Ndani ya treni. Mwandiko unakwenda mrama. Kiti cha pembeni yangu kina mtu mwingine.

Nimejua tukiwa stesheni, tumeshapanga foleni. Juzi mama alikwenda peke yake, na jicho lake bovu, akabadilisha tiketi yake. Behewa la mwisho! "Nimekaa mbali ili uwe huru," kasema, anacheka kabisa, kama kaniletea zawadi. Tangu jana mchana hajala. Tumbo likiwa tupu, eti, hatachafua kitu.

Nikamwambia, mama, twende tukabadilishe tena. Akasema nisiwazuie watu, wako nyuma yetu. Akashika mkoba wake, akaenda zake. Na mimi nikamwacha aende! Kwa sababu ya foleni!

Kona zimeanza. Nimeinuka, nimemfuata behewa kwa behewa, nikishikilia migongo ya viti vya watu na kuomba radhi. Sasa nimesimama mlangoni mwa behewa lake, nimeegemea ukuta. Namwona kupitia kioo. Kajiinamia, mfuko mdomoni. Msichana aliyekaa naye, hamjui wala nini, anamsugua mgongo. Kondakta ni yuleyule. Ameinama, anamuuliza kitu. Mama anatikisa kichwa. Hapana.

Mlango huu hauna hata kitasa. Ukiusogelea unafunguka wenyewe.

Mama kainua uso. Kaniona. Ananipungia mkono chini chini, wasimwone wengine: rudi, rudi kakae.

Na mimi bado naandika.