Mtu Asiye na Mjomba

Jumatatu, 4 Novemba 2024

Hoteli ya Mtwara imejibu! Wanataka korosho zetu kila mwezi. Nimepiga kelele mpaka mama katoka jikoni na mwiko mkononi, akidhani nyoka.

Halafu nikasoma chini. Tulete usajili wa biashara, mwisho Ijumaa ya wiki ijayo.

Usajili! Duka letu, Kapu la Kusini, ni simu yangu na majiko ya Teodosia, basi. Mimi natafuta wateja Instagram na WhatsApp nikiwa hapa Nachingwea, yeye anabangua na kukaanga kule Ruangwa. Tumesoma darasa moja. Hatujawahi kuandikiana hata kijikaratasi.

Nimempigia. Kacheka weee. Kasema andika majina yetu mawili, lako mbele maana wewe ndiye muongeaji.

Jumanne, 5 Novemba

Nimekwenda kwa Linus wa stationery, ndiye anayewasajilia watu biashara hapa mjini. Nilidhani ni kujaza jina na kuondoka. Thubutu!

Kwanza kaniuliza: ya nani? Mtu mmoja, ubia, au kampuni? Nikamwambia mbona unanitisha. Akavuta kiti.

Kwa nilivyoelewa: ukisajili jina la biashara la mtu mmoja, wewe na biashara ni kitu kimoja. Biashara ikishindwa kulipa, wanakuja kwako. Kwako kabisa, mpaka nyumba. Ubia ni hivyo hivyo ila mko wawili, na mmoja akikimbia wa pili anabeba yote. Kampuni ni mtu mwingine pembeni. Ina jina lake na madeni yake, ikishtakiwa inashtakiwa yenyewe.

Nikamuuliza, mtu gani huyo asiye na mama wala mjomba? Linus kacheka mpaka kavua miwani.

Lakini kampuni ina mlolongo, ina mahesabu ya kila mwaka, na kasema Ijumaa ya hoteli haiwezi kuiwahi. Basi ubia. Nimerudi nyumbani na lile neno lake, mpaka nyumba. Hati ya nyumba hii ina jina langu. Bibi alimwachia mama, mama akaniandikisha mimi.

Alhamisi, 7 Novemba

Mama kagoma. Kasema usiandike kitu kabla hujafika kwa mjomba wako. Nimebeba kuku, nimekwenda kwa mjomba Kaimu, kaka yake mama. Nikamweleza yote, nikaomba baraka. Kapokea kuku kwa mikono miwili. Kafurahi! Kanishika kichwa.

Nimempigia Teo jioni. Kanitania: nyie Wamwera bwana, mjomba akikohoa wote mnasimama. Nikamwambia, na wewe Mmakonde huna mjomba? Ninaye, kasema, yuko Mueda, Msumbiji, kwa wazee wetu, simu haishiki. Akikohoa sisikii.

Tumecheka. Yeye kacheka zaidi.

Jumamosi, 9 Novemba

Jamani! Nimeamka nimekuta mke wa mjomba na dada zake wawili uani kwetu na magunia ya korosho, wanabangua. Mjomba kasema kazi ibaki nyumbani, kwa nini tuwape watu wa Ruangwa.

Sasa ndiyo naelewa. Mimi kuku wangu nilimpeleka kuomba baraka. Yeye kampokea kama amekabidhiwa biashara. Mpwa akienda kwa mjomba na kuku, anakwenda kukabidhi, ndivyo wazee wanavyojua. Mjinga mimi!

Kanikalisha. Jina liwe lako peke yako, kasema. Fahali wawili hawakai zizi moja. Wewe ni mtoto wa dada yangu, chako ni chetu. Yule rafiki yako ni mtu wa kuja tu, atakwenda na chetu Msumbiji.

Mtu wa kuja! Teo kazaliwa Ruangwa. Kajenga kibanda chake cha matofali mwenyewe, mume kaondoka zamani, watoto kawasomesha kwa moshi wa korosho. Ningeyasema yote hayo. Nimesema, nimesikia mjomba.

Kulikuwa na oda ya haraka ya Dodoma, na korosho za Teo zimeisha. Nimefunga hizi za uani, nimezipeleka stendi. Zilionekana nyeupe, nzuri.

Jumapili, 10 Novemba

Teo kapiga. Sikupokea. Nikamtumia meseji kwamba nipo msibani. Msiba wa nani, sijui mwenyewe.

Jumanne, 12 Novemba

Picha imekuja asubuhi, ya mtoto wa mteja wa Dodoma. Midomo imevimba, imechubuka, macho mekundu kwa kulia.

Astaghfirullahi. Ni mafuta ya ganda. Yale mafuta yanaunguza hata mikono ya wabanguaji, ndiyo maana Teo anaosha mikono kwa majivu na kufuta kila punje kabla ya kukaanga. Wale wa uani hawakufuta, walikuwa wanapiga soga. Na mimi sikukagua. Nilikuwa na hasira, nikafunga tu.

Yule mama anasema ana ndugu yake wakili. Anataka jina la mwenye duka. Nimempigia, nimeomba radhi, nimelia. Mtoto kapelekwa hospitali, anaendelea vizuri, alhamdulillahi. Lakini mama mtu hajapoa, na ana haki.

Sijala.

Jumatano, 13 Novemba

Mjomba kaja bila kuitwa. Mama kamweleza kila kitu, na habari ya hati nayo. Kasema bila hata aibu: basi andikeni jina la yule Mmakonde. Peke yake.

Nikasema, mjomba, juzi alikuwa mtu wa kuja.

Kasema ndiyo maana. Wakija kutafuta mwenye duka, wamkute huko kwake, nyumba ya dada yangu isiguswe.

Nikamwambia zile korosho kabangua mkeo. Kasema, nani aliona?

Mchuma janga hula na wa kwao, tunasema. Mjomba anataka janga letu likaliwe Ruangwa!

Na mimi je? Nimemtazama mama. Alikuwa kaegemea ule ukuta alioupiga lipu na bibi kwa mikono yao. Kaniambia kwa Kimwera, polepole, mwanangu, nitazikwa nikitokea wapi? Nikanyamaza. Kwetu mtu akinyamaza mbele ya mjomba kakubali, naye anajua, kaondoka na fimbo yake.

Nimenyamaza! Nina hofu, ndiyo, nampenda mama yangu. Na ninajichukia.

Nimemuuliza Linus tena habari ya kampuni. Kasema tukianza leo tutaikosa hoteli. Nikamuuliza, na akiandikwa Teo peke yake? Kaniangalia. Kasema, mwenye jina ndiye wanaanza naye. Halafu kauliza: yeye anajua?

Alhamisi, 14 Novemba

Naandika hapa hapa stationery. Umeme umekatika, tunasubiri.

Teo kaja na gari ya asubuhi. Kavaa kitenge kipya, kasuka. Kanikumbatia mpaka nikakosa pumzi. Kasema mjomba wako kanipigia jana! Kaniambia familia yenu imekaa, imeamua jina liwe langu, kwa heshima ya kazi yangu. Sikudhani, kasema, nimelia. Sisi ukoo wetu huku haupo. Nilidhani nyie mnanihesabu mbanguaji tu.

Za Dodoma hajui. Kila nikifungua mdomo anaongea yeye. Kanionyesha picha aliyopiga ya majiko, eti tuiweke ukurasa wa mbele sasa kwa kuwa duka lina mwenyewe.

Mjomba yupo nje kwenye benchi. Kasema kaja kushuhudia.

Umeme umerudi. Kompyuta inawaka. Teo kasogeza kiti karibu na Linus, namba yake ya NIDA kaikariri, hataki kusoma kitambulisho. Linus ananitazama mimi.

Anauliza, jina la nani?

Teo kaanza kutaja. Nimemshika mkono. Nimesema, Teo, acha kwanza, kuna kitu hujaambiwa, hata na mimi. Bado anatabasamu, anadhani ni utani.

Mjomba kakohoa huko nje.

Kakohoa tena.

Nimekaa. Sijasimama.